Kifuu cha Kava Badala ya Pombe

Jua likizama Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, taa ndogo nje ya mabaraza yaitwayo nakamal huwajulisha wapita njia kuwa kava iko tayari. Mizizi ya mmea huu wa jamaa ya pilipili manga husagwa, huchanganywa na maji, huchujwa, kisha hunywewa katika kifuu cha nazi. Ulimi hufa ganzi, mwili hulegea, na mazungumzo huwa ya kunong'ona.

Kwa utulivu huo, wenyeji wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, waliipokea kava katika miaka ya 1980 iwe badala ya pombe. Lakini waliozidisha walikonda, na ngozi zao zikakauka na kufanya magamba. Hata mbadala wa pombe hutaka kiasi.