Saa au Masaa: Mwandishi, Mhariri na Mwamuzi Wao

Ugomvi baina ya mwandishi wa maandishi ya kitaalamu na mhariri wake aghalabu hudhaniwa kuwa ugomvi wa sarufi. Kila upande hushikilia lake, na mswada ukakaa mezani. Hata hivyo, hitilafu hizo si za aina moja, na kila aina ina mwamuzi wake.

Ipo, kwanza, hitilafu ya kanuni. Mwandishi aandikapo “mashine ambayo inayotumika”, mhariri hana budi kuondoa kirejeshi kimoja: ama “ambayo inatumika”, ama “inayotumika”. Hapa sarufi yatosha kuamua.

Ya pili ni hitilafu ya mazoea. “Tarakilishi” na “kompyuta” ni maneno yanayotaja chombo kimoja. La kwanza limeshika mizizi zaidi Kenya, la pili Tanzania. Hakuna kanuni inayovunjwa kwa kuchagua lolote kati ya hayo. Linalohitajika ni uamuzi wa mapema, utakaofuatwa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Historia yenyewe ya usanifishaji ni ushahidi wa jambo hili. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, Kimvita hakikuwa kimeonekana kuwa na kosa. Palihitajika kigezo kimoja tu. Wanaosahau hilo huugeuza uteuzi kuwa hukumu, na lahaja ya watu ikaitwa makosa.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni hitilafu ya maana. Mathalani, mfamasia aandika katika karatasi ya maelezo ya dawa: “Meza kidonge kimoja kila masaa manane.” Mhariri afuta “masaa”, kwa hoja kwamba wingi wa “saa” ni “saa”, na kuandika: “kila saa nane”. Kisarufi ana hoja. Lakini mgonjwa aweza kuelewa kwamba dawa humezwa saa nane ya mchana, mara moja kwa siku, ilhali alipaswa kumeza mara tatu. Umbo lililofutwa kwa jina la usanifu lilikuwa likifanya kazi ya kutenganisha muda na wakati. Wala “kutwa mara tatu” haliondoi utata, kwa kuwa kutwa ni mchana; atakayelifuata neno hilo kikamilifu ataupitisha usiku bila dawa.

Katika hali hii, kumpa ushindi mmoja wao ni kumwadhibu mgonjwa. Njia ya busara ni kuiacha sentensi inayogombaniwa na kuandika nyingine: “Meza kidonge kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana na kimoja saa 4 usiku.” Sarufi ya mhariri imehifadhiwa, kusudio la mfamasia limetimia, na neno la ugomvi halimo tena.

Yamkini hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapoweza kujifunza kutoka kwa karatasi ya dawa. Mhakiki huweza kuzitetea maana mbili za ubeti mmoja, na ubeti ukazidi kuheshimiwa. Maelezo ya dawa hayana anasa hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani ana haki, mwandishi na mhariri yawapasa kuuliza ni hitilafu ya aina gani iliyo mbele yao. Na ikiwa ni ya maana, mwamuzi ni yule atakayeisoma karatasi akiwa peke yake, usiku, na kidonge mkononi.