Saa ya Warusi na Watoto Wetu

Sisi tunaofundisha watoto twaijua taabu ya saa. Shuleni, kwa Kifaransa, wanaambiwa ni saa moja. Nyumbani mama asema ni saa saba. Basi wengine huanza kuicheka hesabu ya wazee wao.

Tuwaonyeshe namna ya Warusi. Saa saba na nusu ya mchana, Mrusi husema «polovina vtorogo», maana yake nusu ya saa ya pili. Kwao saa ya kwanza huanza adhuhuri; ikiisha, ya pili imekwisha kuingia. Hivyo mtoto wao hujifunza kutaja saa aliyoiingia, si ile aliyoiacha.

Hesabu yetu nayo si ya kuchekwa. Katika Injili ya Matayo, sura ya 20, vibarua wa mwisho waliitwa saa ya kumi na moja. Ndiyo saa yetu hasa, jua likikaribia kutua, kwani Wayahudi walihesabu tangu mapambazuko kama sisi.

Tuwafundishe hivi: lugha ni nyingi, jua ni moja, na kila saa ni ya Mungu. Anayewaheshimu wazee wake hatashindwa kujifunza saa za wengine.