Kutoka Asubuhi, Kurudi Jioni

Mtu akifunga mzigo alfajiri hapa Kisangani, jirani humwuliza kwanza: kuna habari gani? Hakuna adhaniye kwamba mwenzake aenda kutembea tu. Sisi tuliokuwa watoto mwezi wa Juni 2000 hatujasahau siku zile sita ambazo majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana mjini mwetu. Na tangu 2023 tumewaona watu wa Lubunga wakivuka mto, wakikimbia ugomvi wa Wambole na Walengola. Sufuria kichwani na mtoto mgongoni, kwetu si dalili ya furaha.

Basi tulipotangaza nyumbani kwamba siku ya likizo tutakwenda Wagenya, nyanya wa watoto alikusanya vyeti vyote vya jamaa, vya kuzaliwa na vya ubatizo, akavifunga katika kitambaa. Hatukumkataza. Tulibeba lituma, samaki na vyeti.

Wagenya ni poromoko la mwisho katika yale saba ya Boyoma, yaliyotapakaa kiasi cha kilomita 100 toka Ubundu. Merikebu haiwezi kupita. Ndiyo maana reli ya kilomita 125 ilijengwa kuyazunguka, ikamalizika 1906. Stanley alifika Januari 1877, na maporomoko yakaitwa kwa jina lake miaka mingi, hali wavuvi walikuwapo tayari, wala hawakumwomba awavumbue. Hata leo husimamisha miti mirefu katika mashimo ya miamba, huifunga kwa kamba za mwituni, kisha hutundika vikapu vikubwa vyenye umbo la pembe, kinywa kikielekea maji yajayo. Samaki husukumwa ndani, naye hana nafasi ya kugeuka.

Watoto walitazama hata wakasahau njaa. Nyanya alikaa juu ya jiwe, kitambaa mapajani. Mvuvi mmoja mzee alimwamkia, wakaanza kuzungumza juu ya bei ya samaki. Punde tukaona kitambaa kimewekwa chini, kando ya chungu. Jua lilipoinama tulimwambia, “Mama, twende nyumbani.” Akajibu, “Mbona mapema hivi?”

Atakaye kuvuka kwa mtumbwi apatane bei kabla ya kukanyaga ndani. Asiye na nauli anayo Tshopo, kaskazini ya mji, penye maporomoko na bwawa la umeme la miaka ya 1950. Huko huenda hata kwa miguu.

Yangambi ni mbali zaidi, kama kilomita 100 mto ukishuka. Huko ndiko yalikokuwa makao ya taasisi ya kilimo iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933. Pana hazina ya mimea iliyokaushwa, na mnara wa mita 55 uliosimamishwa 2020 ili kupima pumzi ya msitu. Safari hiyo yataka kulala usiku mmoja. Tumeanza kuweka franka kando, na nyanya ametoa fungu lake.