Usitie 20W-50 Kwenye Probox Yako

Timau, Julai

Mwanangu,

Baba yako ameniambia umenunua Probox na tayari umeanza kuteremsha viazi na karoti hadi Isiolo. Nimefurahi sana, Mungu akubarikie kazi ya mikono yako. Ila akaongeza kwamba vijana wa stendi wamekushauri umwage oili iliyomo utie 20W-50, kwa kuwa gari limetumika Japani na injini imechoka. Hapo ndipo niliposhika kalamu. Nimeuza spea hapa Timau tangu hujazaliwa, na kila wiki mtu hunijia akitaka "ile nzito". Namuuzia ikiwa gari lake linaihitaji. Lako haliihitaji.

Soma namba zenyewe. Mpango huu wa SAE ulianzia Marekani mwaka 1911, na leo chupa zote zinaufuata. Namba iliyo mbele ya W inahusu baridi: oili ya 5W lazima iiruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ni uzito wa oili ikishapata moto wa nyuzi 100. Daraja la 30 lina mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, la 50 linaanzia 16.3.

Yupo fundi atakayekuambia baridi ya Timau haijawahi kukaribia nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa hiyo hiyo W haituhusu. Ni kweli haijakaribia, lakini kipimo kile ni mpaka wa mwisho tu. Kabla ya mpaka huo oili inakuwa imeshakuwa nzito, na kila moja huganda kwa kadiri yake. Hata kwenye nyuzi 40, ambazo ni joto la mchana wa mahali pakali kweli, 20W-50 ya kawaida ina mnato zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo pengo linavyopanuka. Jaribu mwenyewe: acha chupa mbili nje usiku kucha, na alfajiri umimine kijiko cha kila moja juu ya kipande cha bati ulichokiinamisha. 5W-30 itafika chini upesi, na 20W-50 bado inajikokota katikati.

Sasa oili hiyo inayojikokota ndiyo ambayo pampu inapaswa kuivuta kutoka kwenye sampu, kuipitisha kwenye filta na kuipandisha hadi kwenye kamshafti kila unapowasha gari saa kumi na moja asubuhi. Ikikawia, beringi na kamshafti hutegemea unyevu ule mdogo uliobaki tangu jana. Tena injini yako ya 1NZ ina VVT-i, inayobadilisha majira ya vali kwa shinikizo la oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba vyenye chujio lake. Ilitengenezewa oili nyepesi; kitabu cha gari kinataja 5W-30. Uchakavu mwingi wa injini hutokea katika kuwasha na dakika zinazofuata, na huku kwetu mlimani dakika hizo ni ndefu.

Najua utanijibu: na joto la Isiolo je? Tunaishi juu ya mita 2,000, na Isiolo iko kwenye mita 1,100 hivi, jua kali. Lakini thamostati na rejeta huizuia injini isifuate joto la hewa, kwa hiyo oili yako inafanya kazi karibu na nyuzi 100 ukiwa hapa na ukiwa kule. Mimi naogopa zaidi mlima wa kurudi, kutoka Isiolo hadi Subuiga, ukiwa umepakia mizigo ya watu na umebana gia ya pili. Hapo ndipo oili huchemka kwelikweli. Kwa ajili ya mlima huo, na kwa ajili ya asubuhi zetu, toa pesa ya ziada ununue sintetiki. Haigandi upesi, haiungui upesi, na haihitaji kemikali nyingi za kunyoosha mnato, zile zinazokatikakatika kadiri oili inavyotumika hadi 30 yako ikashuka chini ya 30.

Lakini usidanganyike kwamba sintetiki maana yake ni nyepesi. 5W-30 ni 5W-30, iwe sintetiki au ya kawaida. Na sintetiki nyingi zilizo kwenye rafu zimetokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kina. Ni halali kuitwa hivyo, na zinafaa. Tafuta maandishi ya API SP, daraja lililoanza 2020, na chupa ambayo mfuniko wake haujaguswa.

Kama gari linakula oili, yaani unaongeza lita nzima kabla ya kufika sevisi na moshi wa buluu unaonekana nyuma, niambie. Huenda tukapanda hadi 5W-40, tukaacha baridi kama ilivyo na kuongeza uzito wa moto tu. Ila kwanza tuangalie ringi na sili za vali, maana oili nzito huficha ugonjwa ule, haiutibu.

Fungua pia mfuniko wa kutilia oili. Ukikuta utando mweupe kama krimu, usishtuke mara moja: magari ya hapa yanayokwenda safari fupi fupi msimu huu hukusanya maji ya jasho la injini. Safari ya Isiolo huukausha. Usipokauka, na maji ya rejeta yanapungua, hapo ni gasketi.

Badilisha oili kila kilomita 5,000, hata chupa ikikuahidi 10,000. Vumbi lako na mizigo yako si vya Tokyo.

Jumamosi pita dukani. Nimekuwekea filta na lita 4. Injini inameza 3.7 pamoja na filta, iliyobaki uiweke nyuma ya kiti. Oili chafu uirudishe kwenye mtungi uniletee, usiimwage mtaroni, maana mtaro wa kwenu unateremka moja kwa moja mtoni.

Ni mimi,
Shangazi yako