Mhusika Kabla ya Dhamira: Tawasifu ya Mwalimu wa Fasihi wa Mbozi na Tunduma

Uhakiki wa fasihi, yaani kazi ya kuichambua kazi ya sanaa ya lugha na kuipima kwa hoja, ndio uliokuwa riziki ya mwandishi wa tawasifu hii, aliyefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Mbozi na Tunduma tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi alipostaafu kwa mujibu wa sheria mwaka 2020, mwaka uleule ambao Euphrase Kezilahabi alifariki dunia mwezi Januari. Kustaafu huko, pamoja na kifo cha mwandishi ambaye riwaya zake zilimlea mwalimu huyu katika usomaji, ndiko kulikozaa kumbukumbu hizi, ambazo hazikusudii kueleza kila kituo cha kazi, bali kutetea hoja moja iliyopingwa na baadhi ya wenzake na ambayo yeye hajaiacha: kwamba mwanafunzi hana haki ya kuitaja dhamira ya kitabu kabla hajamsimamisha mhusika na kumhoji juu ya matendo yake.

Utoto wake hauhitaji maneno mengi. Alizaliwa Mbozi mwaka 1960, katika nyumba ya wakulima wa kahawa iliyozungumza Kinyiha, na alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati wajenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, walipokuwa wakilaza mataruma kuelekea Tunduma. Kiswahili alikipata shuleni, redioni na kwa watu waliofuata kazi ya reli, kisha akakipata kwa mara ya pili, na kwa undani zaidi, chuoni. Mkoa wa Songwe, ambamo Mbozi na Tunduma zimo leo na wenye makao yake makuu Vwawa, haukuwapo wakati huo, kwa kuwa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Katika chuo cha ualimu ndiko alikokutana na mkufunzi aliyemfanya mhakiki. Mkufunzi huyo, mtu mkavu wa maneno aliyevaa kaunda suti moja ya kijivu wiki nzima, hakuruhusu neno dhamira kuandikwa ubaoni mpaka darasa zima liwe limekisoma kitabu mara mbili, na badala yake alidai majibu ya maswali matatu juu ya kila mhusika: anataka nini, kinachomzuia ni nini, na alipofika njia panda alichagua nini kwa gharama ya nani. Kwa maelezo yake, mhusika ni kiumbe wa kisanaa ambaye kupitia matendo, kauli na mawazo yake mtunzi huibua mambo ya jamii. Mgogoro ni mvutano kati ya wahusika, au kati ya mhusika na nafsi yake, au kati yake na jamii. Na dhamira ni kile ambacho kazi inakisema juu ya mambo hayo baada ya mvutano kufika mwisho. Mpangilio huo wa maelezo, ambao dhamira huja mwisho, ulikuwa na ukoo wa mbali, kwa kuwa Aristotle, katika kitabu chake cha Poetics, alikuwa amelitanguliza tendo mbele ya tabia, ingawa mkufunzi hakupenda kutaja majina makubwa na alisema kwamba jina kubwa humnyamazisha mwanafunzi.

Kitabu alichokitumia zaidi kilikuwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 na inayotokana na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwanafunzi aliyezoea kuanza na dhamira husema mara moja kwamba tamthilia hiyo inahusu ukombozi, na kwa kusema hivyo huwa hajasema kitu, kwa sababu vita vyovyote dhidi ya Wajerumani vingempa jibu hilohilo. Lakini anayeanza na mhusika hukutana na mtu aliyepandisha mzuka, akatoa maji yaliyoaminika kuwa yangewakinga watu na risasi, akawaunganisha waliokuwa wakigombana, kisha akagundua kwamba katika maneno yaliyomtoka mlikuwa na ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumwondoa mtawala mmoja na kumpokea mwingine. Hapo Kinjeketile huanza kuishuku sauti yake mwenyewe, huku watu wakiwa wamekwisha kuliamini neno kuliko wanavyomwamini yeye, na Kitunda, aliyebebeshwa jukumu la kuwaongoza wapiganaji, hubaki kati ya shaka na amri ya umati. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, Kinjeketile hukataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Mkufunzi aliuliza swali moja tu juu ya kukataa huko, iwapo ni ushujaa au ni udanganyifu, na aliwaacha wanafunzi wabishane mpaka kengele, kwa kuwa aliamini kwamba dhamira ya tamthilia imo ndani ya kukataa huko, wala haimo katika neno ukombozi.

Mwandishi alipoanza kufundisha kwa njia hiyo, mzozo uliofuata ulidumu miaka mingi katika idara ya Kiswahili ya shule mojawapo, na upande wa pili ulikuwa na mwalimu mwenye bidii, aliyesoma sana na asiyependa kupingwa mbele ya wanafunzi. Yeye alikuwa mfuasi wa uhakiki wa Kimarx, ambao ulishamiri nchini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na unaomwona kila mhusika kuwa mwakilishi wa tabaka lake. Kwake, kuuliza Kinjeketile alihisi nini kulikuwa ni anasa, na lililopasa kuulizwa ni tamthilia inasimama upande wa nani. Ni haki kukiri kwamba mtazamo huo uliiokoa fasihi ya shule kutoka katika mahubiri ya tabia njema, na kwamba bila huo mwanafunzi wa Mbozi asingejifunza kuhoji kwa nini mkulima wa kahawa katika riwaya hubaki maskini baada ya mavuno. Kosa lilikuwa katika kuligeuza jibu kuwa mwanzo. Mwenzake huyo aliwapanga wahusika katika jedwali kabla ya kitabu kusomwa: wahusika bapa-sugu, ambao hawabadiliki hata mazingira yakibadilika, bapa-vielelezo, ambao majina yao hutangaza tabia zao, na duara, ambao hubadilika kadiri maisha yanavyowasukuma. Istilahi za bapa na duara, ambazo chimbuko lake ni kitabu cha E. M. Forster cha mwaka 1927, ni nzuri zikitumika baada ya kusoma, lakini zikitangulia humfanya mwanafunzi kuwa karani wa kuhesabu.

Wote wawili walikubali kwamba fani na maudhui haviachani kama chai na kikombe, bali ni pande mbili za sarafu moja, mfano uliozoeleka madarasani kote nchini. Ila mmoja wao, na msomaji atajua ni yupi, aliufundisha mfano huo asubuhi na mchana akafundisha maudhui peke yake. Baadaye mwenzake alikusanya majedwali yake, akayatoa kuwa kitini kilichouzwa kwa wanafunzi, na kitini hicho kikamshinda mkufunzi wa kaunda suti, kwa sababu kilikuwa na kurasa chache.

Ubaya wa kitini hicho ulionekana wazi Tunduma, mji wa mpaka unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambako foleni ya malori yanayoelekea Zambia na Kongo huwalisha wapishi wengi wa kando ya barabara. Watoto wao walipopewa Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo juu ya mama anayeuza chakula, mume mlevi na watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada, walikariri kutoka katika kitini kwamba dhamira ni umaskini, rushwa na malezi. Walipoulizwa kwa nini mama huyo haachi kuuza chakula, au kwa nini hamwachi mumewe, walianza kuzungumza kwa hasira na ujuzi ambao kitini hakikuwa nao, na wengine walimshutumu mama huyo kwa hoja ambazo mwandishi wa tawasifu hii hakukubaliana nazo lakini aliziandika ubaoni zote. Umaskini ulikuwa mada tu, yaani jambo linalozungumzwa. Dhamira walianza kuipata pale walipogombana juu ya nani mwenye lawama.

Leo kitini kimehamia kwenye simu, na uchambuzi wa kitabu hupatikana kabla ya kitabu chenyewe. Walimu vijana husingizia mtihani, ambao hudai hoja kadhaa kutoka katika kila kitabu, lakini mtihani haujawahi kumkataza mwanafunzi kuwa na hoja yake, na hoja iliyotoka katika matendo ya mhusika humpa mfano wa kuandika, ilhali iliyokaririwa humwacha na kichwa cha habari kisicho na mwili. Mwalimu asiyekisoma kitabu mwaka huu, kwa kuwa alikisoma chuoni, hafundishi fasihi. Anagawa majibu, na kazi hiyo simu inaiweza kuliko yeye.

Kwa hiyo walimu wa Kiswahili wa Songwe wanaombwa jambo moja, lisilohitaji bajeti wala semina: muhula ujao, kabla ya kuandika neno dhamira ubaoni, wafungue kurasa za mwisho za Kinjeketile, wawape wanafunzi wawili wazisome kwa sauti, kisha waulize kama mtu yule alifanya vyema kukataa, na wanyamaze mpaka darasa ligawanyike.