Kelele isiyosikika

Katika somo la tafsiri tumezoea kuogopa maneno marefu. Neno lililonisumbua kuliko yote mwaka huu lina silabi moja tu: bruit. Kamusi inasema ni kelele, na kamusi haikosei. Lakini mdogo wangu hakuridhika nayo.

Yeye hutengeneza simu juu ya meza ya kando ya barabara, hapa Lukafu. Kuna simu moja iliyorudishwa kwake mara tatu. Inawaka, inapiga, lakini ukifungua kamera inaganda. Mwenye simu alidai arudishiwe feza zote, na feza zilikwisha kununua vipuri. Alipobadilisha chipu moja, mdogo wangu aliondoa kapasita ndogo kama chembe ya mchanga akiamini haina kazi. Karatasi ya mafundi ya Kifaransa ilisema kazi yake ni kupunguza bruit. Akaniletea.

“Yaya, weye unasomaka luga. Makelele gani? Miye sisikie kitu.”

Ana haki. Ndani ya simu, chipu ya kumbukumbu na chipu inayofanya hesabu huzungumza bila sauti. Waya mmoja wa kumbukumbu ya aina ya LPDDR4 unaweza kupitisha biti bilioni 3.2 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kila biti inadumu takriban sehemu 0.3 ya nanosekunde. Kwa muda huo mfupi mpokeaji lazima aamue: hii ni 0 au ni 1? Anaamua kwa kupima volti. Chochote kinachosogeza volti hiyo pasipo msemaji kutaka ndiyo kelele. Nikamwandikia mdogo wangu hivi: kelele ni kitu chochote kinachomfanya anayepokea apokee kisichotumwa. Sauti ni aina moja tu.

Kelele hiyo inatoka wapi? Nyingine inatoka kwa jirani: waya unaobadilika unausukuma ule ulio kando yake. Nyingine inatoka ndani ya nyumba yenyewe. Nyaya nyingi zikibadilika pamoja, chipu inavuta umeme mwingi ghafla na volti inashuka. Ni kama mtaa mzima kufungua mabomba saa moja asubuhi: kila mtu anabaki na uzi wa maji. Mama mwenye akili ameweka bidoni jikoni. Ile kapasita ndogo ni bidoni hiyo: inakaa karibu kabisa na chipu, inatoa umeme mara moja, kisha inajazwa tena polepole. Kamera inapofunguliwa, data na umeme vinaongezeka ghafla. Pasipo bidoni, chipu inakosea.

Dawa ya pili ni kutuma neno pamoja na kinyume chake. Nyaya mbili zinakwenda sambamba. Mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Kelele ikija inazigusa zote mbili karibu sawasawa, na kwa kuwa mpokeaji anapima tofauti yao tu, kelele inajifuta. Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya za simu zilizosokotwa mbili mbili mwaka 1881, na USB bado inatumia jozi kama hiyo.

Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mwaka 1995 Mircea Stan na Wayne Burleson walieleza mbinu ya kupunguza matumizi ya umeme, ambayo inapunguza pia kelele. Tuseme kuna nyaya 8. Kabla ya kutuma, chipu inahesabu ni ngapi zitabadilika. Zikizidi 4, inatuma kinyume cha ujumbe, na waya wa tisa unasema: “Geuza.” Hivyo hazibadiliki nyingi kwa wakati mmoja, na hakuna kilichopotea.

Msomaji wa lugha atatambua hapa kitu anachokifahamu. “Vile visu vyangu viwili vimepotea”: wingi umetajwa mara tano. Lori likipita na kumeza kiambishi kimoja, vinne vinabaki kukuokoa. Wahandisi nao wanalipa waya wa ziada ili ujumbe ufike. Wala wao wala sisi hatushindi kelele kwa kupaza sauti peke yake. Tena waya ukipaza sauti, unamsumbua jirani yake.

Kapasita ilirudishwa, kamera ikafunguka, mwenye simu akaondoka nayo. Ukurasa wangu mmoja wa Kiswahili umebaki mezani, na mafundi wawili wa jirani wameupiga picha. Hilo limenifikirisha. Jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na njia zinazobeba ujumbe kati ya chipu ni za shaba. Madini tunayatoa wenyewe; habari ya kinachopita ndani yake tunaisoma kwa lugha ambayo kijana aliyeacha shule anaikwepa. Kitivo cha lugha kisipoifanya kazi hii, itafanywa na nani?

Ukurasa wa pili tumeuanza, tukakwama kwenye neno masse, yaani ile volti ya sifuri ambayo nyingine zote zinapimwa kutoka kwake. Nilipendekeza “ardhi”. Mdogo wangu amekataa: ndani ya simu hamna udongo. Yeye anataka “chini”. Bado tunabishana.