Ufa wa Jikoni

Kule Kimilili, nyanya yangu hakuvumilia ufa wowote katika ukuta wa jiko lake. Kila alipouona, alikanda udongo, samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, akauziba. Msimu mmoja aliugua. Usiku, cheche ilipenya ufa uliosahauliwa, ikashika fito. Sote tulinusurika, lakini jiko liliteketea.

Nilimkumbuka siku rafiki yangu, mwanafunzi wa uhandisi, aliponionyesha katika kompyuta tabaka linalokinga nguzo za chuma dhidi ya moto. Programu huligawa vipande vidogo, kisha hukokotoa joto na mkazo wa kila kimoja. Chuma kinapopinda, tabaka lisilonyumbuka hupasuka, joto likapenya. Kwenye nyuzi 550 hivi za Selsiasi, chuma hubakia na takriban nusu ya nguvu zake. Tabaka hilo nalo aghalabu hutiwa nyuzinyuzi ili lishikamane, mithili ya nyasi za nyanya.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi hii. Ndugu msomaji, ufa, mkazo, tabaka: maneno tunayo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nasi tuyakande maneno hayo mapema.